Kidole Gumba Kwenye Kashata

Matairi ya pikapu yetu tuliyachagua Tunduma, mimi na mume wangu, kwa mtindo wa huku: unazamisha kidole gumba kwenye kashata, yale meno ya tairi, kikizama unalipa. Muuzaji mwenyewe alituonyesha namba za uzito na mwendo ubavuni, akasema haya ni ya gari dogo, hayafai kubebea mahindi. Mimi ndiye niliyemjibu, kwa dharau, kwamba namba haikanyagi barabara. Mume wangu akacheka.

Tulipakia magunia Isansa kama kawaida. Tulipoingia lami Nanyala akaongeza mwendo, tairi la nyuma likapasuka, gari likapinduka. Mimi nilivunjika mkono. Yeye alifia palepale.

Juzi jirani alikuja kuulizia matairi matatu yaliyobaki. Aliinama, akazamisha kidole gumba, akasema bado mazima. Nikamwonyesha zile namba. Akacheka.