Karte Yenye Masizi

Watu wa Kilibula wanamjua Capitoline kwa kazi yake ya dirishani. Ukiingia kwenye kile kituo kidogo cha afya upande wa mlima, kabla ya muganga, kabla ya sindano, unakutana naye. Zamani alikuwa anapiga deki humo humo. Lakini alijua kusoma, tena kwa sauti inayofika barabarani, basi wakamtoa kwenye ndoo wakamweka dirishani aite wagonjwa. Halafu mashini ikaja.

Mashini yenyewe ni ordinatere, yaani kompyuta, na kijicho chake cha taa nyekundu. Mgonjwa anatoa karte ya mutuelle, ule mchango ambao jamaa wanautoa kila mwaka ili wakiugua wasikwame. Capitoline anaipitisha chini ya kijicho, mashini inalia *ti!* na sura ya mtu inatokea kwenye kioo. Mwanzoni ilikuwa inamkatalia mpaka anatoka jasho. Aliibembeleza kwa Kiswahili, akaigombeza kwa Kirundi.

"Mama Capi, haisikii hiyo," Bertrand, fundi wa mashini, alikuwa anamwambia. "Nyoosha mukono tu."

Akaunyoosha. Siku hizi anapitisha karte huku anauliza habari za watoto, wala haangalii.

Sasa, mwaka huu, wakati wa kiangazi, kukatangazwa kwamba daktari wa macho anakuja. Angepasua siku moja tu, kisha aendelee na safari yake kusini. Utaratibu ulikuwa huu: atakayepasuliwa ni yule ambaye karte yake imeingia kwenye mashini kabla biro, ofisi ya kituo, haijafungwa siku ya kuamkia upasuaji. Asiyeingia, abaki na giza lake mpaka daktari arudi, na hakuna aliyejua atarudi lini.

Siku hiyo ya mwisho, jua likiwa limeshaanza kuinama, akafika mama mzee wa Rurambo anaitwa Apolline. Alikuwa ameshuka milima yote ile akishika bega la Venant, mjukuu wake, mwanaume mzima mwenye ndevu. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Ng'ombe zake alikuwa anazitambua kwa pumzi tu.

Apolline akafungua fundo la kitenge chake, akatoa karte kwa heshima, kama mtu anayetoa sadaka. Capitoline akaipokea, akaigeuza, akaigeuza tena. Nyeusi pande zote mbili.

"Mama, hii karte ilikaa wapi?"

"Pahali pazuri, mwanangu! Juu ya moto, kwenye dari. Pamoja na mbegu na karatasi ya ubatizo wangu. Mchwa hawafiki pale."

Na kweli, huko milimani ndivyo watu wanavyotunza kitu cha thamani: kikae juu ya jiko, moshi ukilinde. Mwaka mzima moshi ulikuwa umeilinda karte ya Apolline, safu juu ya safu.

Kwenye foleni, Délice muuza mikeke, wale samaki wa ziwani wa kubanika, akapasuka kicheko. "Ee Mama Capi! Hiyo si karte, ni samaki! Iko tayari kwa kuliwa!"

Watu wakacheka. Apolline naye akacheka, kwa kuwa hakuona kinachochekwa.

Capitoline akaipitisha. Kimya. Akaipitisha tena, polepole. Kimya. Akaimwagia maji, akasugua na pamba; maji yakateleza tu kama kwenye jani la muhogo. Akamwita Bertrand.

"Tuandike namba kwa mukono?" akamuuliza.

"Namba iko wapi? Nayo iko chini ya masizi." Bertrand akajaribu kwa ukucha, akaacha haraka. "Nikikwangua, nitatoa na sura yenyewe. Na umeme wa jua umeshaanza kuchoka, Mama Capi. Mashini haina muda."

Venant akamshika bibi yake mkono. "Koko, twende. Tutarudi mwaka mwingine."

"Mwaka mwingine nitakuwa wapi minye?" Apolline akajibu taratibu.

Hapo Capitoline akasimama, na sauti ile ya barabarani ikatoka. "Hakuna anayekwenda! Kaa, mama! Weye Délice, umecheka samaki. Moshi unaujua kuliko sisi wote. Waya zako za kubanikia samaki unazitakatisha na nini?"

Délice akainama kwenye beseni lake, akatoa kichupa cha mawese. "Na haya. Masizi yanapenda mafuta. Leta hapa."

Akadondosha, akapaka kwa kidole, akangoja, akasugua na pembe ya kitenge chake. Kitenge kikawa cheusi. Foleni ikavunjika, kila mtu akasogea. Namba ikajitokeza, kisha alama za mraba, kisha pua ya Apolline.

"Pua! Nimeona pua!" Venant akapiga kelele.

Capitoline akaipitisha. Kimya.

"Inang'aa mafuta," Bertrand akasema, jasho likimtoka. "Taa inateleza. Sabuni! Nani iko na sabuni?"

Sabuni ikaletwa kutoka kule kwenye ndoo. Capitoline akaiosha karte kwa mikono ile ile iliyopiga deki miaka, akaikausha, akaipulizia pumzi, akaikausha tena. Kioo cha ordinatere kilikuwa kimeanza kufifia. Akanyoosha mkono.

*Ti!*

Apolline akatokea kwenye kioo, amekunja uso. Bertrand akabonyeza, jina likaenda, na mashini ikazimika pale pale kama mtu aliyemaliza kazi yake. Vigelegele vikapigwa mpaka muganga akatoka ndani kuuliza nani amezaa. Délice alikuwa anacheza na beseni kichwani, mikeke inaruka.

Daktari alikuja, akapasua. Walipomfungua Apolline kitambaa, Capitoline alikuwa amesimama mbele yake, ametangulia hata Venant. Mzee akapepesa, machozi yakamtoka, akamtazama kuanzia kichwa mpaka kandambili.

"Ni weye uliyesema *kaa, mama*?"

"Ni minye, mama."

"Ah!" Apolline akamshika mashavu yote mawili. "Na kelele zote zile, kumbe uko mufupi hivi!"