Ukuta Umeoza, Wanasema Kifua Changu Ndicho Kibovu

Admin, jina langu lifiche, sura yangu ifiche, ila hasira yangu iache kama ilivyo. Yamenifika shingoni. Mimi ni Mtanzania wa miaka thelathini na moja, nafanya usafi hotelini hapa Dubai. Nalala mtaa wa Naif, chumba kimoja kimegawanywa kwa mbao, kila mwanamke na kijisehemu chake. Mwenye mkataba wa chumba ni dada wa kwetu, nitamwita Da Zuhura. Ndiye aliyenipokea nilipokuja, akanipikia, akanifundisha mji. Ndiyo maana inaniuma mara mbili.

Kitanda changu kimegusana na ukuta wa bafu. Dirisha tumeliziba kwa foili ili mbao zisionekane nje, maana kugawa chumba hivi ni marufuku. Kuanika nguo kibarazani ni faini, basi tunaanika humo humo ndani, juu ya kichwa changu. Ukuta ukaanza kutoa madoa meusi, na harufu kama tambara lililosahauliwa kwenye ndoo. Nikaanza kukohoa. Nilipomwonyesha Da Zuhura akacheka: "Hayo si masizi ya udi tu? Mswahili gani wewe unaogopa udi!" Akaleta rangi nyeupe, akapaka juu. Haikupita muda weusi ukarudi, tena umejitanua.

Hapa ukikohoa hupewi pole, unapewa TB. Kila mtu anajua kwamba ukienda kupimwa kwa ajili ya viza, picha ya kifua ikiwa na doa unarudishwa kwenu. Basi wenzangu wakanigeuka. Kikombe changu kikatengwa, sahani yangu ikawekwa chini ya sinki. Njeri, Mkenya anayelala upande wa pili wa ubao wangu, akawa anajifunika mdomo nikiingia. Nikamuuliza ana nini. Akasema, "Woiye, si ati nakuchukia. Lakini hiyo kikohozi imezidi, na mimi niko na watoto nyumbani wananitegemea."

Nikaenda hospitali. Kifua safi! Daktari akaniuliza jambo moja tu: unapolala pana unyevu? Nikarudi na majibu yangu mkononi nikijua yamekwisha. Wapi! Da Zuhura hata hakuyashika. "Picha nazo hukosea," akasema mbele ya wote. Kisha akaandika kwenye kundi la WhatsApp, lile la watu wa kwetu la kutafutiana vyumba na kazi, kwamba wenye vitanda vya kupangisha wajihadhari na mimi. Mimi! Jamani, huyu nimefuturu naye sahani moja. Sasa kila ninapoomba nafasi naambiwa pamejaa. Na yeye kanipa hadi mwisho wa mwezi, khalas, nihame.

Msimu wa wageni wengi, tulipolala huko huko hotelini kwa ajili ya kazi, kikohozi kilikata chenyewe. Niliporudi kitandani kwangu kikaanza upya. Sasa mniambie, mgonjwa ni mimi au ni ukuta?

Mwenzangu kazini akanielekeza kwa kampuni inayopima kuvu majumbani. Wanakuja na mashine, wanapima hewa, wanakwangua ukuta, wanakupa ripoti. Nikapiga simu. Jamaa alinijibu vizuri tu, ila akasema nakala ya ripoti inakwenda pia kwa wenye jengo. Nikamweleza Da Zuhura. Alinifokea hadi mate yakanirukia: "Ulete watu na kamera waone mbao? Sote tutupwe nje kwa ajili ya kifua chako? Huna haya!" Njeri naye akasema, "Usituchomee, tafadhali." Na hapo hawajakosea. Jengo la jirani mbao zilipoonekana, watu walitolewa na masanduku yao.

Ningehama zangu nikawaachia ukuta wao. Lakini nimejua kitanda changu anapewa nani. Ni binti wa kaka yake Da Zuhura, anakuja kutoka Tanga kutafuta kazi. Nilimsikia Da Zuhura akimwambia kwenye simu, kwa ile sauti yake ya kuita watu ng'ambo: "Usisahau dawa yako ya kuvuta, huku ghali!" Mtoto ana pumu! Nikamfuata jikoni. Nikamwambia, "Da Zuhura, mimi nichukie utakavyo, huyo usimlaze pale." Akanitazama juu hadi chini. "Una kijicho wewe. Mwenyewe umeshindwa, hutaki na mwenzio apate."

Nikatafuta namba ya binti, nikamwandikia asikubali kile kitanda. Leo mchana kanijibu kwa ujumbe wa sauti, ana furaha mpaka inasikika: "Shikamoo dada. Shangazi alishaniambia utanitisha na habari za ukuta. Usijali, anasema ataupaka rangi mpya nisije nikaona vibaya."

Rangi mpya!

Nikiwaita wapimaji, tunatupwa sote, pamoja na Njeri ambaye watoto wake hawana kosa. Nisipowaita, nimemlaza binti wa watu pale huku najua. Wale wa kuniambia Da Zuhura alinipokea hivyo nimsitiri, leo msinijibu, nitawatukana. Ninyi wengine, kama angekuwa mdogo wenu mngepiga ile simu au mngefunga masanduku mkaondoka? Nisaidieni upesi. Ndege yake inatua Alhamisi, na Da Zuhura ameshaanza kupaka.