Kopo la Maji

Juzi, kwa fundi mmoja mjini Baraka, niliona oili ikimwagwa kutoka trakta ndogo, ile ya kusukumwa kwa mikono. Ilitoka nyeupe kama maziwa. "Maji iliingia humu," fundi akasema. Niliondoka haraka.

Trakta yetu ya namna hiyo baba aliinunua nilipokuwa mtoto, ikiwa imetumika, pamoja na plau na rimoki yake ya kukokota mizigo, kwa rafiki yake wa Nundu. Kila jioni alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akakifuta kwenye suruali. Mimi niliona uchafu mweusi tu. Mchana mmoja, nikitaka anisifu, niliosha tumbo la mashine: nilimimina kopo zima la maji ya ziwa kwenye tundu la oili.

Kesho yake risasi zikalia. Tulimpandisha bibi kwenye rimoki tukimbie. Hatukufika mbali, injini ilikohoa, ikakwama. Baba akambeba bibi mgongoni, akihema.

"Ule mutu aliniuzisha mashini ya kufa! Na mi nilikuwa namuita ndugu!"

Nilitembea nyuma yake. Baba hakumsalimia tena yule rafiki, mpaka baba mwenyewe alipokufa. Siku ya kilio, yule rafiki alikuja, akakaa peke yake nje ya lupango, ua wa nyumba yetu. Nilimpelekea chai, nikarudi ndani.