Muhogo wa Siku ya Kitabu

Hapana, sikumdanganya tajiri yangu. Aliniuliza kama ni muhogo, nikamjibu, "Muhogo umo, baba." Na kweli ulikuwamo. Mahindi hakuyauliza.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa msichana, nafua na kuosha vyombo kwa Wahindi wa duka moja pale Korogwe. Kila mwaka walikuwa na siku ya kitabu chao kitakatifu, yale maneno Mungu wao aliyomwambia mpiga mishale mmoja aliyefika vitani, akaona wa kupigana nao ni ndugu zake, mikono ikamlegea. Siku hiyo wanakisoma chote, sura kumi na nane, kwa kupokezana, na wanafunga: nafaka haigusi ulimi. Maziwa ruksa, ndizi ruksa, muhogo ruksa.

Mwaka huo kililetwa kitabu kikubwa kutoka Bara Hindi, kimefungwa kwa kitambaa chekundu, na wakishasoma wachague kikae nyumbani kwa nani. Tajiri yangu alikitaka huyo! Kabati alishachongesha. Aliyemtia hofu ni mwenye duka wa Handeni, kijitu chembamba, kimya, kinachofunga kweli.

Asubuhi tajiri alinikuta natafuna kiporo, akanipandishia pua: "Nyinyi vatu, tumbo mbele, Mungu nyuma! Mimi leo hapana kula. Mimi nakula maneno ya Mungu tu!"

Nikasema haya baba, ushibe.

Saa sita haijapita, nasikia mtu anakohoa mlangoni mwa jiko langu la uani. Nilikuwa nasonga ugali. Unga wa muhogo ulinipungukia, nikauongezea wa mahindi. Kando kisamvu cha karanga kinachemka. "Mama," leo ananiita mama! "Hii ugali ya mihogo?" Ndiyo nikamjibu vile. Akachuchumaa, akala, mwenzangu! Tonge kama ngumi, macho mlangoni. Akamaliza wake na wangu, akanawa, akajipaka upya ile alama yao ya msandali kwenye paji, huyoo, kusoma.

Zamu yake ilipofika, wageni wamejaa barazani, mimi nagawa maziwa. Alianza kwa sauti ya radi. Ikashuka, ikawa ya nyuki. Mara kichwa kikalala juu ya kitabu chenyewe, akakoroma. Mkewe akamfinya. Akashtuka, akacheua, harufu ya kisamvu ikafika mpaka kwangu. "Mimi nazama ndani ya maana," akasema.

Mama yake mzazi, kikongwe aliyezaliwa Pangani, Kiswahili chake kinazidi changu, akanigeukia. "Wewe binti, kala nini huyu?"

"Ugali, bibi."

"Ugali wa nini?"

Tajiri kanikodolea macho, anatikisa kichwa taratibu, na lile kabati nyuma yake linanukia rangi. Nikakumbuka tumbo mbele, Mungu nyuma.

"Wa muhogo na mahindi, bibi."

Wa Handeni anatazama vidole vya miguu yake. Kikongwe akakichukua kitabu mbele ya mwanawe, akakifuta mate kwa upindo wa sari, akasema kwa Kiswahili, hata sisi wa jikoni tusikie:

"Mpeni wa Handeni. Huyu wangu mpeni mto."