Siku Mkaguzi Alipokuja Mgodini

Juzi, huko kwenye machimbo ya Nyarugusu, niliona watoto wakitupa nyundo na kutimua mbio gari la serikali lilipotokea. Nikakumbuka alasiri moja mimi na dada yangu Kabula tulipojificha nyuma ya lundo la mawe ya dhahabu tuliyokuwa tukiyaponda. Vumbi lilinuka baruti.

"Serikali inafunga watoto," nyapara alikuwa ametuambia. "Mimi ndiye ninayewaficha." Tulimwamini, tukamwita baba, ingawa migongo yetu iliwaka kwa kiboko chake.

Mkaguzi wa serikali alituona, akamvuta Kabula taratibu. Kabula akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka.

"Mtoto wa mpishi huyo, bwana," nyapara alisema akicheka. "Amekuja kucheza tu."

Mkaguzi aliutazama mgongo wa dada. "Kucheza ndiko kulikomchana hivi?"

Nyapara akakimbia. Askari wawili waliokuja na mkaguzi walimwangusha, virungu vikalia mbavuni mwake kama mchi kinuni. Leo najua walikuja kututoa pale. Lakini Kabula alijirusha juu ya nyapara, akamkumbatia, virungu vikamwangukia yeye.

"Kimbia, baba!" alipiga kelele. "Wakikuchukua, nani atatuficha?"