Kunguru Kakataa Wali wa Maziwa

Mayasa wa Tanga alianza kumpikia Ba Kanta, bibi wa Kihindi pale Mayfair, Joburg, mtoto wake Mayasa akiwa hajaota meno. Ba naye alizaliwa Tanga, akaolewa huko Joburg, na Kiswahili chake kilibaki kile cha zamani. Sukari ilikuwa ikimsumbua. Kukaa na njaa kulikuwa hatari kwake.

Lakini zilikuwa siku za Wahindu za kulisha wafu wao. Sahani ya kwanza huwekwa juu ya ukuta wa ua. Kunguru akila, marehemu karidhika. Kabla ya hapo haonji mtu, hata mpishi. Siku hiyo zamu ya kulishwa ilikuwa ya marehemu Saras, mke wa shemeji yake Ba, Mtamili wa Durban. Ba na Saras waligombania jiko moja mpaka Saras alipofariki.

Kunguru alikuja. Wali wa maziwa hakuugusa. Alikaa tu akiutazama mlango wa jiko.

Adhuhuri ikapita. Mikono ya Ba ikaanza kutetemeka.

"Ba, kula japo tonge. Utaanguka."

"Simtangulii mwenye zamu yake."

"Kwani wali huu aliupenda?"

"Sisi Wagujarati ndivyo tunavyowapa wafu wetu."

"Yeye hakuwa Mgujarati, Ba."

"Una mdomo wewe, kama yeye." Kisha, kwa sauti ndogo: "Dengu na ukwaju. Kali, zinatoa machozi. Mimi zangu hutia sukari guru, basi ananicheka, ati napika uji wa watoto."

Mayasa akambeba mtoto mgongoni, akaingia jikoni. Alichemsha dengu, akakamua ukwaju, akatupia haradali na majani ya mchuzi kwenye mafuta ya moto. Aliposhika chumvi, mkono ukawa mzito, kana kwamba umekamatwa kifundoni. Ukaachiwa baada ya chembe chache tu. Mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza, kisha akacheka, akiinyooshea mikono pembe ya jiko ambayo haikuwa na mtu. Mayasa hakugeuka. Alisoma Kulhuwallahu kimoyomoyo, akapakua, akaipeleka sahani ukutani.

Kunguru hakungoja hata aondoe mkono kwenye sahani.

Ba akavuta bakuli lake. Tonge la kwanza lilimkunja uso. "Kali," akasema, akala la pili, akaendelea mpaka mikono ikatulia.

Upepo ulikuwa wa baridi. Mayasa akainuka kufunga mlango wa jiko.

"Wacha, mwanangu. Bado yumo."

Mayasa akarudi, akaketi karibu kabisa na Ba, akamtoa mtoto mgongoni akampakata.