Bibi Aliyenawa Miguu Kabla ya Kushika Simu

Kama wewe ni mtu wa kucheka mambo ya wenzako, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Hili lilinitokea mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, na pombe sijaionja tangu nilipookoka. Ukitaka kuuliza, mke wangu yupo.

Mimi ni fundi redio hapa Dongobesh. Siku hizi redio ikiharibika watu wanaitupa, kwa hiyo ilibidi nitafute jambo jingine la kufanya. Ofisi moja ya zamani ilikuwa inasafisha stoo, nikachukua simu zao tano, zile nyeusi nzito za kuzungusha namba kwa kidole, nikaanza kuzigeuza taa za mezani. Unatoa matumbo yote, unaweka holda na balbu, na kile kisahani cha namba unakifanya swichi. Ukizungusha, taa inawaka. Wenye nyumba za wageni walizigombania, nami nikaanza kujiona mvumbuzi.

Ile ya tano ilikuwa na kikaratasi katikati ya kisahani, kimeandikwa kwa wino: 214. Ndiyo iliyokuwa namba yake enzi hizo. Nilikiacha kwa sababu kilipendeza. Nikaimaliza, nikaijaribu, ikawaka vizuri tu.

Alasiri hiyo ukungu ulishuka, ule wa kwetu wa mwezi wa saba, ambao humwoni hata mbuzi wako mwenyewe. Akaja bibi mmoja amejifunga shuka, miguu peku, matope mpaka magotini, viatu kavishika mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Simu yangu imeshaita?"

Nilidhani aliwahi kuniletea simu ya kutengeneza nikasahau. Kabla sijajibu akaiona ile taa mezani. Niamini, sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifurahi namna ile. Akasema, "Mwambie asikate, nakuja," akasogea kwenye dumu langu la maji pale mlangoni, akaanza kunawa miguu. Taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akavaa vile viatu. Vilikuwa vyeusi, vya kifungo, vipya kabisa, mtindo ambao sijauona tangu utoto wangu. Mimi nacheka moyoni. Nani anavaa viatu ili aongee na simu?

Akaingia, akanyanyua mkonga.

"Bibi, hiyo ni taa," nikamwambia.

Hakunijali. Akatia kidole, akazungusha, akazungusha tena. Taa haikuwaka, na umeme ulikuwepo. Ila nilisikia simu ikiita ndani ya ule mkonga, mbali, kama inavyoita simu ya mtu unayempigia. Sasa nielewe vizuri: kispika cha mkonga ule nilikuwa nimeking'oa kwa mkono wangu, kipo kwenye kopo la maziwa juu ya rafu. Unadhani nilikimbia? Ningependa kukimbia. Nilichofanya ni kuligeukia lile kopo: kispika kimo.

Iliita muda mrefu. Hakuna aliyepokea. Bibi akaurudisha mkonga polepole, machozi yanamtoka, na hapo woga wangu wote ukageuka huruma.

"Hapokei," akasema. "Bado amenikasirikia."

"Nani huyo, bibi?"

"Paskalina wangu. Yuko Endasak, kwa mwalimu, nyuma ya kanisa. Wewe una pikipiki, mwanangu. Mwambie nilifika. Mwambie nilikuwa nanawa miguu."

Akatoka. Nilipotoka kumfuata, nje kulikuwa na ukungu tu. Mama muuza maharage wa mbele yangu, ambaye hapitwi na mtu, aliniuliza nilikuwa naongea na nani peke yangu. Nikatazama sakafu. Nyayo za matope zilitoka barabarani mpaka kwenye dumu. Kutoka kwenye dumu mpaka mezani, sakafu ilikuwa kavu, safi.

Siku tatu sikupata usingizi, na taa ilikataa kuwaka. Siku ya nne nikaifunga nyuma ya pikipiki, nikateremka kwa njia ya Dareda mpaka Endasak. Nyuma ya kanisa nilimkuta mama mmoja mwenye mvi, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama. Namtafuta mama mmoja anaitwa Paskalina."

"Marahaba baba. Ndiye mimi, karibu."

Nikaitoa simu. Alipoiona ile 214, mahindi yalimponyoka. Ndipo akanisimulia. Alipokuwa msichana alitoroka kwenda Arusha na huyo mwalimu, mumewe, ambaye baadaye alimleta Endasak; baba yake akaapa hatamtambua tena. Kwa mshahara wake wa kwanza wa kazi za ndani alimnunulia mama yake viatu, vya kwanza maishani mwake, akavituma kwa mtu. Kisha akatuma ujumbe: siku fulani mama aende kwenye ile ofisi ya kwetu yenye simu, atampigia. Alitaka kumuuliza kama anaweza kurudi nyumbani.

"Nikapiga," akasema. "Karani akaniambia, mama yako amefika, yuko hapo nje, nimemwita ila haji. Nikasubiri mpaka simu ikakatika. Nikajua amenikataa. Sikupiga tena. Hata msiba wake sikwenda."

"Mama," nikasema, "alikuwa ananawa miguu. Alitaka kuongea na wewe akiwa amevaa viatu ulivyomtumia."

Alilia, ndugu yangu. Mama mtu mzima alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, nami nikalia naye, sioni aibu kusema. Alipotulia nikamweleza yote niliyoyaona, naye akaleta simu yake ya mkononi, akanionyesha. Alasiri ile ile ya ukungu alikuwa amepigiwa na namba moja fupi: 214.

"Nilidhani ni matapeli," akasema. "Sikupokea."

Wiki iliyofuata alipanda kwetu, mara ya kwanza tangu usichana wake. Ndugu zake wakampeleka kaburini. Kabla ya kulikaribia aliomba maji, akakaa kwenye jiwe, akanawa miguu, akavaa viatu vyake.

Simu ile aliniomba niirudishie matumbo yake, nikamrudishia bila malipo. Ipo Endasak juu ya stuli, haijaunganishwa popote, na anaifuta vumbi kila asubuhi. Mimi taa bado natengeneza, maana lazima tule. Lakini siifungui simu ya watu kabla sijaiweka sikioni na kuiamkia, na mke wangu ameshazoea.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, mama yako akipiga, pokea. Na ukimpigia wewe akachelewa, tafadhali usikate haraka. Huenda bado ananawa miguu.